Mdomoni mwa Kinyago

Dada Zuhura alizikwa Ijumaa baada ya swala, na habari zikanifikia Jumapili nikiwa Kasulu, katika chumba cha kupanga ambacho hata mlio wa bati lake likipigwa na jua nilikuwa sijauzoea. Aliyenipigia simu alikuwa jirani yake wa Chikongola kule Mtwara, mama mmoja ambaye sikumbuki hata sura yake. "Wewe ndiye Hamisi wa picha?" aliuliza. "Jina lako lilikuwa kwenye simu yake. Basi ujue ametangulia." Nikakaa kitandani muda mrefu, sina wa kumpa pole wala wa kunipa mimi. Ndiyo hasara ya maisha yangu. Nimekaa Tunduma, nimekaa Bagamoyo, nimekaa Kigoma mjini, na kila mahali mwenye nyumba huja siku moja akaniuliza kwa nini fundi picha mwenye kazi nzuri hawezi kutulia. Hucheka nikabadili mazungumzo. Jibu ni refu, na linaanzia katika studio ya Dada Zuhura pale Mtwara, mwaka ambao nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimemaliza kidato cha nne bila cha kujivunia, na kichwa changu kizima kimejaa jambo moja ambalo mtu akilisikia leo atacheka: ninunue bodi mpya ya kamera, yaani kamera yenyewe bila lenzi, au nibaki na ya zamani.

Studio yenyewe ilikuwa vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na pazia la buluu, kiti cha plastiki kilichovalishwa kitambaa chekundu ili kionekane cha thamani, na benchi la wateja. Cha nyuma kilikuwa na kompyuta, mashine ya kusafishia picha, na mlango wa kutokea uani ambako Dada Zuhura alipikia. Harufu ya kisamvu cha nazi iliingia mpaka kwenye albamu. Ukutani, juu ya benchi, alitundika picha alizozipenda ziwe mfano kwa wateja, na iliyokuwa kubwa kuliko zote ilikuwa ya mumewe, Dadi. Mimi sikumkuta; nilimjua kwa kusimuliwa tu, mtu wa kupanga miba ya samaki ukingoni mwa sahani, mmoja mmoja. Miaka kadhaa kabla sijaanza kazi pale alikuwa amevuka mto kwenda upande wa Msumbiji, na wakati wa kurudi mtumbwi ukapinduka karibu na Kilambo. Wote walitoka ila yeye. Hakukupatikana mwili wala kiatu. Watu walisema mamba, wakaacha hapo, kwa sababu kwenye Ruvuma neno hilo likishatamkwa hakuna anayeuliza zaidi. Muda ukapita, shehe akaamua kuwa amekufa, Dada Zuhura akakaa eda ya kufiwa, akaimaliza, akavaa rangi. Lakini picha hakuitoa. "Hii ndiyo kazi yangu bora," aliniambia siku moja nilipomuuliza. "Hebu tazama kivuli cha pua kilivyokaa. Niitoe nitundike nini, wewe na masikio yako hayo?" Nikaitazama kila siku kwa mwaka mzima. Mwanamume wa makamo, mtulivu, mwenye kovu lililoikata nyusi ya kushoto vipande viwili, na jicho chini yake limebaki dogo kidogo, kama la mtu anayetazama jua.

Shida yangu ilikuwa giza. Kamera yangu ilikuwa ya kidijitali, nzuri mchana, lakini jua likishuka tu picha zilijaa chenga kama televisheni iliyokosa mawimbi. Kwenye harusi hilo si tatizo. Unapiga flashi, mambo yanakwisha. Lakini fedha za kweli kwa fundi picha wa kule hazikuwa harusini, zilikuwa kwenye jando, na kwenye jando kuna midimu. Asiyeijua nimweleze: watoto wakitolewa jandoni, hutoka mchezaji aliyevaa kinyago cha mti kinachofunika kichwa kizima, mwili wote umefungwa nguo asionekane ngozi, akacheza alasiri mpaka magharibi, wanawake na watoto wakimkimbia na kumrudia. Kwa wanawake huyo si mtu. Ni kitu kilichotoka makaburini. Mwanamume aliyepita jando anajua, na ameapa kutosema. Siku hizi mambo haya yanaelezwa hata kwa watalii, kwa hiyo sidhani kama navunja kiapo nikisema kwamba aliye ndani haoni kwa macho ya kinyago. Anaona kwa mdomo. Mdomo una upenyo mdogo, na nyuma ya upenyo huo ndipo yalipo macho ya mtu. Ndiyo maana midimu haipigwi flashi. Mwanga ule unampofusha, anajikwaa, na kisichokuwa mtu hakijikwai. Zaidi ya hapo, mwanga unaingia mdomoni. Kwa hiyo albamu za jando za Mtwara yote ziliisha namna moja: kurasa za watoto, kurasa za pilau, halafu kurasa nyeusi. Kina mama waliziona nyeusi wakasema kwa majivuno, "Midimu haishikiki."

Mimi nilitaka kuwa wa kwanza kuishika. Na bodi ya kufanyia kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa Godi. Huyu alikuwa kijana wa Mbeya, baba yake karani bandarini, wanakaa nyumba za watumishi kule Shangani, na Jumapili alipiga picha kanisani kwao. Baba yake alipata uhamisho wa Tanga, na Godi akataka kuuza bodi kabla hawajafunga mizigo. Alikuja studio akaiweka mezani kama mtu anayeweka sahani ya nyama mbele ya mtu aliyefunga saumu.

"Lenzi zako zote zinaingia hapa," alisema. "Wewe unabadilisha bodi tu, kaka. Hii hata ukizima taa inapiga."

"Ikizimwa taa hata mimi nitapiga," alisema Dada Zuhura bila kugeuka. "Swali ni nini kitatoka."

"Kaa nayo, Hamisi. Ijaribu mpaka tunahama. Usipoitaka, nirudishie. Lakini najua utaitaka."

Siku hiyohiyo tuliijaribu jikoni. Dada Zuhura alikuwa anasonga ugali wa muhogo, mlango umerudishwa, mwanga hakuna isipokuwa wekundu wa mkaa. Nikapiga. Tulipoifungua kwenye kompyuta tukainamia kioo. Mkono wake ulionekana mpaka mishipa, na nyuma yake, penye giza ambapo macho yetu hayakuona kitu, alionekana mjusi ukutani, na nyuma ya gunia la mkaa kijiko kilichopotea tangu mwezi wa Ramadhani.

"Mh!" akasema. "Masizi ya sufuria yote hadharani. Kamera hii haina adabu."

"Ninunue?"

"Wateja wangu wanakuja hapa wanataka niwafanye weupe, wewe unanunua chombo cha kuonea weusi. Haya, nunua. Ila mimi ndiye nitakayekulisha mpaka deni liishe, sivyo?"

Kila siku niliamua, na kila siku nikabadili. Asubuhi niliinunua kichwani, jioni niliirudisha. Niliwaza kwamba bodi ya zamani ilikuwa inanitosha kwa vitu vyote vinavyotaka kuonekana. Halafu nawaza zile kurasa nyeusi. Dada Zuhura naye alikuwa na uamuzi wake mwaka huo, ila wa kwake ulikuwa umekwisha: alikuwa ameposwa na Bwana Shaweji, mchuuzi wa chumvi, mjane, mtu mnene mwenye kicheko kinachomtangulia mlangoni. Ndoa ilikuwa ifungwe korosho zikishauzwa. Shaweji alikuja karibu kila alasiri na mfuko wa chumvi, mpaka tukawa na chumvi ya kuwauzia majirani. "Naleta kidogo kidogo," alisema, "ili mke wangu asije akasema sikumlipia ladha." Dada Zuhura alimfukuza kwa upawa. Sijamwona mwanamke mwenye furaha vile. Nikikumbuka sasa, naona ilikuwa furaha ya mtu aliyeambiwa na kila mmoja kwamba mlango umefungwa, naye akauegemea kwa uzito wake wote.

Siku moja wakati wa mchana aliingia Bi. Somoe, dada yake Dadi, ametoka Mahurunga na kikapu cha ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini. Tulikaa chumba cha nyuma tukaila kwa chumvi na ndimu. Mwanawe alikuwa anatolewa jandoni wiki ileile, na alikuja kuomba fundi wa picha.

"Wifi, asipokuja wa kwako watu watasema tumegombana," alisema.

"Atakuja. Mimi sitaweza, nina wageni wa Shaweji." Dada Zuhura alimenya mmoja, akasita. "Lakini mtoto mjomba wake hayupo. Nani atamchezea?"

Kwetu kumchezea mtoto ni kazi ya mjomba, na sisi wanaume tunajua anacheza akiwa ndani ya nini. Kaka wa mama ndiye mwenye mtoto, na siku ile mjomba akikosekana mtoto anatoka kama aliyeokotwa. Bi. Somoe alitafuna polepole mno. "Watoto hawakosi wajomba," alisema hatimaye. Kisha akanigeukia. "Wewe kijana, usije na ule umeme wako."

"Flashi sipigi, mama. Nimepita jando mimi."

"Basi piga unavyotaka. Midimu yenyewe tunaijua, haitoki pichani." Akacheka, na kicheko chake kilikatika pale macho yake yalipopita mlangoni yakaiona picha ya kaka yake kule ukutani. Akainua kiti chake akakigeuza, akaketi akiipa mgongo. Nilidhani ni uchungu. Sasa najua kwamba yote Bi. Somoe na ndugu zake waliyoyafanya waliyafanya kwa hesabu nzuri: kutoniita kungezua maswali, na kuniita hakukuwa na hatari, kwa sababu hakuna picha ya midimu iliyowahi kutoka. Waliliamini giza. Hawakuwa na habari za Godi.

Mahurunga nilifika asubuhi, nikapewa chumba cha kuwekea vifaa, chumba cha udongo chenye dirisha la ukubwa wa kitabu. Nilipiga watoto, nilipiga kina bibi, nilipiga sufuria za pilau. Baada ya kula niliingia kubadilisha betri, na nyuma ya ukuta walikuwapo wanaume wawili wakizungumza kwa Kimakonde, taratibu, kama watu wanaohesabu mifugo ya mwenzao. "Anavuka lini?" aliuliza mmoja. "Alfajiri." "Asichelewe. Mji umejaa macho." "Ataonwa na nani? Anaonwa na nani mtu aliyesomewa hitima?" Wakacheka, kisha mmoja akasema, "Astaghfirullah," na kicheko kikaisha. Nikasimama na betri mkononi. Nilijiambia wanazungumzia biashara ya magendo. Mtu wa mpakani hufundishwa mapema kusikia nusu.

Midimu ilitoka jua limeshaegemea. Ngoma zilibadilika, wanawake wakarudi nyuma wakipiga kelele, na kikatoka kinyago chenye uso wa mzee, ndevu za nywele za kweli, mdomo wazi. Alicheza vizuri kuliko wote niliowahi kuona. Mtoto aliletwa mbele, na kile kitu kikamzunguka kikitetemesha mabega, kwa upole ambao haukufanana na sura yake. Nilipiga. Jua likazama, nikaendelea kupiga. Sasa hata mimi nilikuwa sioni zaidi ya umbo, na bodi ya Godi ilikuwa inakula giza bila kutafuna. Kisha kinyago kikageuka, kikanitazama, kikasimama. Midimu haisimami. Kilikaa hivyo kwa muda wa pumzi moja, uso kwa lenzi, na nikabonyeza. Wazee wakapiga mluzi, kikaondoka mbio kuelekea mikorosho.

Nilikwenda pembeni nikaitazama picha ile kwenye kioo kidogo cha kamera, nikaivuta karibu. Uso wa mti ulikuwa safi, kila chale inaonekana. Ndani ya mdomo, pale palipotakiwa kuwa peusi, palikuwa na macho mawili. Moja lilikuwa dogo kidogo kuliko jingine, na juu yake nyusi imekatwa vipande viwili.

Nilizima kamera. Mwili wangu ulikuwa umelowa kama niliyetoka mtoni mimi.

Kesho yake, njiani kurudi mjini, gari lilipumzika Mpapura na watu wakashuka kununua mihogo. Mimi nilibaki ndani nimekumbatia begi. Ningeweza kuifuta picha ile kwa kidole kimoja. Tangu niwe mwanamume nilifundishwa kwamba mdomo unaomwambia mwanamke nani yuko ndani ya kinyago utaoza, na ingawa sikuamini kuoza, niliamini kiapo. Lakini upande wa pili alikuwapo Dada Zuhura, ambaye korosho zikiuzwa tu angeolewa na Shaweji huku mumewe yuko hai, hajamwacha. Nilimwaza Dadi na bado sikuweza kumchukia sawasawa. Alikuwa na maisha mengine ng'ambo, nadhani, na mtumbwi ulipopinduka ukampa njia. Kumwacha mke ni lazima ukabili wakwe, wazee, maneno. Kufa hakuhitaji shahidi. Ila mpwa alipotoka jandoni, mfu alilazimika kurudi, kwa sababu hata mfu ni mjomba. Na mimi ningekuwa na kamera yangu ya zamani, ningekuwa narudi na kurasa nyeusi na usingizi wangu. Hilo ndilo lililonikera zaidi: kwamba kila kitu kilikuwa palepale hapo kabla, mwaka baada ya mwaka, na kilichobadilika ni bodi tu. Mwishowe nilijiambia kwamba kiapo kinafunga mdomo. Juu ya mkono hakikusema kitu. Nilipofika studio nikatoa memori kadi nikampa. Sikusema, sikuficha.

Aliiweka kwenye kompyuta akiimba. Picha za watoto alizipitia haraka, akaongeza weupe kidogo kama kawaida yake. Alipofika kwenye midimu akaacha kuimba. "Hamisi! Umeishika!" Alipiga makofi. Akaivuta ile ya mwisho, akaanza kuinua vivuli kwa kipanya, jinsi anavyofanya fundi yeyote anayetaka kuona mwisho wa kazi yake, polepole, na mdomo wa kinyago ukaanza kufunguka kwa mwanga. Akaachia kipanya. Feni ya kompyuta ilisikika kama gari.

"Huyu nani?"

Jibu ni moja tu, na kila mwanamume wa kwetu analijua. "Si mtu, dada."

"Nimekuuliza, Hamisi. Umekula chumvi yangu. Huyu nani?"

"Si mtu."

Aligeuka akanitazama, kisha akatazama kupitia mlango, kule ukutani, kisha akarudi kwenye kioo. Hakulia. Aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, kwamba akiolewa na Shaweji huku wa kwanza hajamwacha, watoto atakaozaa watakuwa wa nani. Wakati huohuo kicheko cha Shaweji kikaingia, na nyuma yake Shaweji mwenyewe na mfuko wa chumvi. "Bibi harusi hajambo?" Akainama kati yetu kutazama kompyuta. "Aa, midimu! Mwaka huu imetoka! Tazama ndevu." Alitazama ndevu. Alitazama chale. Mdomoni hakutazama, kwa sababu alikuwa mtu mwema, na mtu mwema wa kwetu hatazami mdomoni mwa kinyago mbele ya mwanamke. Akaweka chumvi mezani akaenda zake akipiga mluzi.

Dada Zuhura alisafisha picha ile kwa ukubwa wa mwisho ambao mashine iliweza. Bi. Somoe alipokuja kuchukua kazi yake, akapewa albamu, akapitia ukurasa kwa ukurasa, na alipofika mwisho akaifunga haraka kama aliyekuta nyoka.

"Wifi, hii kamera gani?"

"Ya kuazima."

"Irudisheni."

"Itarudi. Lakini mwambie huyo asiyekuwa mtu kwamba mimi sitaki chake chochote. Sitaki aje nyumbani, sitaki aeleze. Nataka aniache kwa kinywa, watu wasikie. Akikataa, picha hii naitundika pale dirishani, wanawake wa Mtwara wote wapite waione."

Bi. Somoe alishika ukingo wa meza. "Utatuua, Zuhura. Hujui unachokisema. Hutakaa mji huu."

"Mimi nilishafiwa," alisema Dada Zuhura. "Tuone nani mwingine yuko tayari."

Siku zilizofuata ziliharibika taratibu, kama maziwa. Hakuna aliyetutukana. Lakini familia mbili zilizokuwa zimetuagiza picha za jando zilituma watoto kusema hazihitaji tena. Mwanamume mmoja mwenye baiskeli alianza kusimama ng'ambo ya barabara kila asubuhi, akitazama dirisha letu, na nikimsalimu haitikii. Nilipokwenda sokoni muuza ndimu niliyemzoea aliniambia, huku akipanga ndimu zake, "Kijana, kamera yako isifike tena kule mtoni. Wamesema." Sikuuliza nani. Godi alipita kuuliza kama nimeamua, kwa sababu mizigo yao ilikuwa imeshafungwa, nikamwomba anipe mpaka kesho. Jioni Dada Zuhura alikaa na ile picha imeviringishwa mapajani, anatazama dirisha, na sikujua kama anapima ukubwa wa fremu au anaomba Mungu asifike mahali pa kuitumia.

Walikuja siku ileile aliyopita Godi, magharibi, umeme umekatika tangu alasiri. Walikuwa watatu, na walipitia uani. Wawili walikuwa wazee. Mmoja nilimtambua, Mzee Chilumba, ndiye aliyesimamia ngoma kule Mahurunga. Waliingia wakaketi kwenye benchi. Wa tatu hakuingia. Alisimama mlangoni, chini ya upenu, wala si ndani wala si nje, amejifunga shuka kichwani kama mgonjwa wa homa. Mshumaa ulikuwa mmoja, mezani, na mwanga wake haukumfikia.

"Kwanza hicho kitoke," alisema Mzee Chilumba, akionyesha kwa kidevu bodi ya Godi iliyokuwa kando ya mshumaa.

Nilimtazama Dada Zuhura. Nilijua kifaa kile kingefanya nini. Kubonyeza mara moja, bila mwanga, kwa mlio mdogo kuliko ulimi ukigonga kaakaa, na uso ule wa mlangoni ungekuwa wetu, bila mti mbele yake, wa kumpelekea shehe yeyote. Hata maneno yao Dada Zuhura asingeyahitaji. Alijua pia, kwa maana aliitazama kamera, kisha mlango, kisha kamera tena.

"Kitoe, Hamisi," alisema.

Nilikibeba kwa mikono miwili. Njia ya kutokea uani ilikuwa mlango uleule, na yule mtu alijisogeza kidogo anipishe. Tulipishana kifua kwa kifua. Alinuka moshi na nguo iliyokauka bila jua. Mimi niliyelelewa kumsalimu hata mwendawazimu sikumsalimu, na yeye hakunisalimu. Niliiweka kamera juu ya pipa la maji nikaifunika kwa ndoo, na nilipokuwa naifunika nikajua kwamba kesho nitamrudishia Godi. Si kwa woga, au si kwa woga peke yake. Bodi ile ilikuwa nzuri kuliko mimi. Ingenipeleka kila siku mahali ambapo ningejua mambo nisiyoweza kuyasema, na nilikuwa nimeonja moja tu nikashiba; tangu hapo, kila mji nikianza kuyajua ya watu wake, nafunga begi.

Niliporudi Mzee Chilumba alikuwa ameanza. "Mwenye ndoa ametamka mbele yetu. Tumesikia sisi wawili. Tumekuja kukufikishia."

"Mwenye ndoa ni nani?" aliuliza Dada Zuhura.

Wazee wakatazama chini.

"Mimi nilikaa eda ya mfu, baba zangu. Mfu hatamki. Sasa mniambie, ametamka nani?"

"Mama, usitupeleke huko."

"Siwapeleki popote. Jina sitaki. Sura sitaki, nimetoa hata kamera. Nataka kusikia kwa masikio yangu." Hakuwa anawatazama wao tena. Alikuwa anatazama giza la mlangoni. "Basi tu."

Mshumaa uliyumba ukasimama. Nilisikia maji yakidondoka kwenye pipa. Halafu ikaja kutoka mlangoni sauti iliyokwaruza, sauti ya mtu ambaye kwa miaka amezungumza lugha nyingine.

"Nimekuacha, Zuhura."

Alifumba macho. "Nimesikia," alisema. Akakaa hivyo, na wazee wakaanza kuinuka, lakini akafumbua macho akawauliza, kama kwamba walikuwa wageni wa kawaida waliotoka mbali, "Mmekula?" Hakuna anayelikataa swali hilo. Akapakua ugali wa muhogo, kisamvu, na kibua wa kukaanga, sahani tatu. Ya tatu alinipa mimi bila neno. Niliipeleka mlangoni, mkono ukatoka kwenye shuka ukaipokea. Yule wa nje nilimsikia akivunja samaki, akifyonza kichwa. Walipomaliza walishukuru, wakanawa, wakaondoka kwa njia ya uani, na mbwa wa jirani hakubweka.

Nilikusanya vyombo. Sahani ya mlangoni ilikuwa imeachwa kizingitini, safi kabisa, na miba ya kibua imepangwa ukingoni, mmoja mmoja, yote inaelekea upande mmoja. Dada Zuhura aliichukua akaisogeza kwenye mshumaa. Aliitazama muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama picha yoyote niliyompelekea. Kisha akaisukuma miba kwenye majivu, akaiosha sahani, akaipangusa kwa kanga yake.

"Kesho naanza eda," alisema. "Shaweji akija, mwambie angoje. Akiuliza nani amekufa, mwambie safari hii hakuna."